Barua Ndani ya Biblia ya Mheshimiwa

Uchaguzi ulipokaribia, Mheshimiwa Sakwa aliokoka tena. Alitua kanisani na kamera tatu, akainua Biblia yake juu.

"Hii naisoma kila asubuhi!"

Mama Jerusa, mfagiaji wa kanisa, akasimama. "Mheshimiwa, mwaka jana uliisahau hapa kwenye benchi. Kabla ya kukurudishia, nilitia barua yetu kwenye Zaburi. Uliiona?"

Kamera zikamgeukia Mheshimiwa.

"Niliisoma mara mbili, mama!"

"Na ombi letu?"

"Nimelikubali lote, mbele za Mungu!"

Vigelegele vikapigwa. Jerusa akaipokea ile Biblia, akatoa bahasha ingali imefungwa, akaichana, akasoma: "Tuachie gari lako, libebe wagonjwa tunaowasukuma kwa mkokoteni."

Akanyoosha mkono. "Funguo, baba."