Chaki ya Chumba cha Damu

Ubao mmoja, chaki moja. Mnacheka? Haya, Kandi, usiufute kwanza huo mstari wa programu. Nawe Mlelwa, sogea. Nyuma ya msemo huu kuna kaburi, na chanzo chake ni hiki.

Katika hospitali yetu ya wilaya, damu ilitunzwa na muuguzi mmoja, Bi Nakijwa. Alikuwa na ubao wenye idadi ya chupa, na kipande kimoja cha chaki kilichofungwa kwa kamba. Ukija kuomba damu unashika chaki kwanza, ndipo unasoma, unapunguza idadi, unairudisha chaki. Huna chaki, hata kuutazama ubao huruhusiwi. “Macho chini!” alifoka, hata kwa daktari.

Nikaletwa mimi na programu yangu, nikauondoa ubao. Wodi ya wazazi ikapata kompyuta yake, chumba cha upasuaji yake, na programu ikazihudumia zote kwa wakati mmoja. Nilizuia zisiandike pamoja. Kusoma nikakuacha wazi. Kusoma kutamdhuru nani?

Mchana mmoja ilibaki chupa moja ya kundi O. Wodi na upasuaji wakauliza kwa wakati mmoja. Kila upande ukasoma moja, kila upande ukajibiwa “ipo”. Upasuaji wakawahi kuichukua. Wodini, Namsifu alikuwa ametoka kujifungua, anavuja damu. Gari lilikuwa tayari kumkimbiza hospitali ya misheni, mwendo wa nusu saa, lakini wakalizuia. Si damu ipo? Walipofungua jokofu la damu, halikuwa na kitu. Namsifu alifariki wakimpakia garini.

Bi Nakijwa alinikuta nimeketi sakafuni.

“Mwanangu, ile chaki uliipeleka wapi?”

“Nilidhani ni ya kuandikia tu, Bibi.”

“Thubutu! Aliyesoma ameshaanza kuandika.”

Nililia mbele yake bila haya. Kisha nikairudisha chaki, humo humo ndani ya programu. Upande wowote unaishika kabla ya kusoma na kuiachia ukishaandika. Mwingine anasubiri.

Ndiyo huo mstari, Kandi, unaosema unachelewesha kazi. Ni kweli unachelewesha. Mtoto wa Namsifu yupo, anasoma darasa la nne, na nikikutana naye njiani hutazama chini.

Ubao mmoja, wanangu, chaki moja.