Mgongaji wa Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kivivu hivyo? Nikimaliza mtanilaumu kwamba hadithi ni ya huzuni, kana kwamba mimi ndiye niliyeua. Sogeeni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, pembeni mwa shamba la wimbi, palikuwa na kichuguu kikubwa cha kumbikumbi. Na kumbikumbi, kama mjuavyo, huota mabawa mara moja tu maishani. Mvua ya kwanza ikigonga dari, hutoka, huruka, huenda kuanzisha kichuguu chao. Asiyeruka, mabawa humdondoka humo humo gizani, na ukoo wake huishia hapo.

Kwa hiyo walikuwa na dini yao. Aliye juu walimwita Mgongaji. Hakuna aliyewahi kumwona. Waliotoka hawakurudi kusimulia, na waliobaki walikuwa na msemo mmoja: "Mgongaji akigonga, hatuulizi." Tena ilikuwa mwiko kuigusa dari kujua kama imelowa. Kuigusa ni kumpima Mgongaji, na Mgongaji hapimwi.

Humo waliishi ndugu wawili wa kike. Mkubwa aliitwa Nasimiyu, aliyezaliwa kiangazi. Mdogo aliitwa Nafula, aliyezaliwa wakati wa mvua. Nafula aliamini hata usingizini. Nasimiyu alikuwa na ulimi wa kuuliza, lakini alimpenda mdogo wake kuliko mabawa yake mwenyewe.

Siku moja, jua la mchana likiwaka, dari ikalia: ti, ti, ti.

"Amegonga," akasema Mzee Wepukhulu. Huyu alikuwa bawabu, mchwa asiye na mabawa wala macho, naye ndiye aliyewafundisha wote dini. "Jipangeni."

Nasimiyu akanyoosha mguu, akaigusa dari. Wenzake wakaguna.

"Babu, dari ni kavu."

"Mgongaji akigonga, hatuulizi."

"Babu, hata udongo haunuki mvua."

"Mgongaji akigonga, hatuulizi."

"Basi niruhusu nichungulie tu."

"Mgongaji akigonga, hatuulizi." Safari hii kilijibu kichuguu kizima.

Akachungulia bila ruhusa. Nje akamkuta mwanamke amechuchumaa, vijiti viwili mkononi, anakigonga kichuguu huku akiimba. Mbele ya tundu amefukia chungu, na juu yake ametandaza majani ya mgomba.

"Mama, wewe ndiye Mgongaji?"

"Mimi ni Mama Nelima. Wanangu hawajaonja kitoweo tangu juzi."

"Na mvua je?"

"Mvua anayo mwenyewe Mungu. Mimi nina vijiti. Nyinyi hamjui kutofautisha, na hiyo ndiyo riziki yetu."

"Hutuonei huruma?"

"Nawaonea, mwanangu. Lakini njaa imetangulia."

Nasimiyu akarudi mbio. "Jamani, si mvua. Ni mtu na vijiti. Kuna chungu mlangoni."

Wakamcheka. "Mtoto wa kiangazi, mvua utaijulia wapi?"

Mzee Wepukhulu hakucheka. Akasema taratibu, "Na kama ni mkono wa mtu, nani ameutuma mkono huo?" Maneno hayo yaliwapendeza sana, kwa sababu hayakuwa na jibu.

Nasimiyu akamshika mdogo wake. "Nafula, gusa mwenyewe. Mara moja tu."

"Dada, nikigusa nikakuta pakavu, nitabaki na nini?"

Akajitoa mikononi mwake, akatoka na wenzake. Nasimiyu akasikia mabawa yakipapatika kwenye kuta za chungu. Akasikia Nafula akimwita, "Dada," mara moja. Kisha akasikia vijiti vikiendelea.

Nasimiyu hakuruka. Mabawa yake yakadondoka, akayafagia mwenyewe.

Waliobaki walisikia kama yeye, na tangu siku hiyo nani angembishia? Akawa yeye ndiye bawabu. Wadogo walipoanza kuota mabawa, mamia kwa mamia, akawafundisha: "Hakuna Mgongaji. Kuna vijiti na chungu." Wakakariri mpaka wakakariri usingizini. Mzee Wepukhulu alikaa pembeni, hakuna aliyemsemesha.

Mwaka ukageuka. Siku moja dari ikalia: ti, ti, ti. Mzee akanusa. Akajikongoja, akapanda, akafanya alichokuwa hajakifanya maisha yake yote. Aliigusa dari.

"Nasimiyu, mjukuu wangu, imelowa."

"Vijiti na chungu."

"Maji yananitiririka mguuni."

"Vijiti na chungu."

"Basi njoo uguse wewe. Si wewe uliyetufundisha kugusa?"

Nasimiyu akasogea mbali na dari. "Sauti hii hii ndiyo iliyomla Nafula. Sigusi. Na atakayegusa, si mwenzetu." Vijana wakaitikia kwa sauti moja, "Vijiti na chungu," naye akachukua tope, akauziba mlango kwa mikono yake.

Alikuwa na akili kuwashinda wote, na akili hiyo hiyo aliifungia ndani pamoja nao.

Mvua ilinyesha siku tatu. Humo ndani mabawa yakadondoka moja moja, kila mmoja akisikia ya mwenzake yakianguka. Mzee Wepukhulu alikufa siku ya pili, amejibanza kwenye tope la mlango.

Siku ya nne Nasimiyu akaubomoa mlango. Nje majani yalikuwa mabichi, na ardhi yote imetapakaa mabawa ya kumbikumbi wa vichuguu vingine, wale walioruka, wakatua, wakapata wenza.

Vijana wakamfuata nyuma, migongo mitupu. Mmoja akauliza kwa adabu, "Dada Nasimiyu, sasa sisi tunangoja nini?"

Nasimiyu, aliyekuwa na swali kwa kila jambo, akainama, akaanza kuyafagia mabawa.

Hapo ndipo hadithi yangu imeishia, nami sina la kuwafariji. Ongezeni kuni.