Kwa Nini Mwenyeji Huonja Pombe Kwanza

Swali hili niliwahi kumuuliza mwalimu wa darasa la nne, akanituma nikaokote kuni. Basi jibu nililitafuta mwenyewe, na ninalo. Anayelijua kunishinda hajazaliwa, au amezaliwa na ananyamaza.

Ulikuwapo wakati, huku migombani chini ya mlima, mgeni ndiye aliyekunywa kwanza. Alipewa kata iliyojaa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akaimaliza, ndipo mwenyeji akajichotea. Kumtangulia mgeni kwenye mtungi kulihesabiwa ulafi, na mtu aliweza kunyimwa mke kwa hilo.

Wakati huo Ndesario na Makyao walimwagilia kwa mfereji mmoja. Ndesario alikaa juu, Makyao chini. Siku moja mbuzi wa Makyao alikunywa maji ya mfereji, akafa kabla jua halijafika utosini. Makyao alitazama juu kwa Ndesario, akatazama tena. Kuanzia hapo wawili hao wakawa wanasalimiana kwa kukohoa.

Wazee wa mfereji walichoshwa na kukohoa huko, wakaufunga kwa wote wawili. Maji yangerudi wakishakunywa pombe katika kata moja. Nao ulezi ulikuwa unachanua, majani yamejikunja. Siku tatu bila maji usingezivuka.

Mashayo, mke wa Ndesario, alikuwa na mbege iliyoiva. Makyao akaja, akaegemeza mgongo ukutani, mlango akiuona. Ndesario akamjazia kata, akampa kwa mikono miwili.

Makyao aliinusa. "Kunywa wewe kwanza, jirani."

"Nimtangulie mgeni? Marehemu baba atafufuka anichape."

"Afadhali yeye afufuke kuliko mimi nimfuate."

Wakatazamana mpaka kivuli cha mgomba kikahama. Kisha Makyao akamwaga matone mbele ya kuku aliyekuwa akipitapita pale. Kuku akanywa, akaenda hatua chache, akajilaza vumbini, akanyoosha mguu mmoja na kupigapiga mbawa, jicho limefumba. Makyao akainuka.

"Mmeona wenyewe."

"Shemeji, kuku anaoga," Mashayo akasema.

Kweli, kuku alijikung'uta, akarudi kutafuta nyingine.

"Ziko sumu zisizomjua kuku," Makyao akajibu, akaketi.

Hilo lilimchoma Mashayo, maana ndizi alizipika yeye na ulezi aliusaga yeye. Akaichukua kata mkononi mwa mgeni, akanywa polepole, koo likipanda na kushuka. Makyao akangoja aanguke. Hakuanguka.

"Labda ulishakunywa dawa yake mapema."

Mashayo akamchotea mumewe. Ndesario akatupa jicho mlangoni, kama anayemngoja marehemu na fimbo yake, akanywa.

"Na wewe labda pia."

Mashayo akachota, akanywa. Akachota, akampa mumewe. Mara sauti ya mtungi ikabadilika: kata ilikuwa imeanza kukwaruza chini. Makyao aliisikia. Mtungi ukiisha bila yeye kunywa, ulezi nao umekwisha. Tena, tuseme kweli, mbege ilikuwa inanukia.

"Nipeni," akasema, "lakini chota palepale ulipomchotea mumeo."

Akanywa, mkono wa kushoto tumboni, akingoja kifo. Kifo hakikuja. Yalikuja maji, jioni ileile. Kilichomuua mbuzi hakuna aliyekijua, na Makyao hakuacha kutazama juu hata siku moja.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni akiona. Vijana husema ni heshima, na waendelee kusema. Lakini mchunguze mgeni kata inapopanda: haitazami kata, analitazama koo. Ndiyo maana mimi nikimkaribisha mtu humeza kwa sauti, kisha namfunulia kinywa. Nawe ukinikaribisha, ukiniona nimetulia nasifia picha zako za ukutani, usidanganyike. Nakungoja umeze.