Viatu Mvunguni mwa Twalibu

Wahenga hawakusema kwamba kilichoko mvunguni hakipatikani. Walisema kinataka mgongo uliokubali kupinda, na wapo watu, jamani, ambao mgongo wao ni mti mkavu. Silasi Ngollo alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1949 Silasi alikuwa mpagazi katika stesheni ya Tabora. Kwao Urambo alimwacha mkewe Getruda na mtoto mchanga, na mwaka wa nne ulikuwa unakatika wakionana wakati wa likizo tu. Ndipo likatoka tangazo: stesheni ya Urambo inataka karani wa tiketi. Atakayeshinda mtihani wa kuzungumza Kiingereza, kazi ni yake. Silasi hakujua zaidi ya salamu, na mtihani ulikuwa baada ya miezi sita.

Alinunua kitabu, akajifunza peke yake. Kila alfajiri alishika njia ya kale ya misafara, ileile aliyopita babu yake na pembe za ndovu begani, akiyatamka maneno moyoni. Ukungu ukitanda juu ya miombo alijiona yumo katika safu ndefu ya wapagazi, kila mmoja kabeba neno lake, na huko mwisho wa njia Getruda amesimama mlangoni. Njozi tamu iliyoje! Lakini kinywa hakikufunguka. Mwezi wa tatu mzungu mmoja alimuuliza treni inaondoka saa ngapi, naye, jibu likiwa kichwani, akasimama kimya kama gunia la karanga.

Wa kumsaidia alikuwepo. Twalibu, Mzaramo aliyekaa mtaa wa Kanyenye, alikuwa mpishi wa behewa la chakula na alizungumza na wazungu kutwa. Ila alikuwa mtani wake. Tangu enzi za misafara Wanyamwezi na Wazaramo hutaniana, na mtani akikucheka, hata akikunyang'anya kitu chako, huna ruhusa ya kununa. Silasi aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa simba. Bora nishindwe, alijiambia.

Kisha ikaja barua ya Getruda: "Mwanao ameanza kumwita mjomba wake baba." Silasi aliisoma mara tatu. Jioni ile alikwenda Kanyenye.

"Nifundishe," alisema.

Twalibu alicheka mpaka akashika mlango. "Babu yako alibeba pembe hadi kwetu Pwani, wewe neno moja linakuvunja shingo? Haya, sema. Kila ukinyamaza, nachukua kitu."

Siku ya kwanza ilikwenda kofia, ya pili mkanda. Wiki ya pili vilikwenda viatu, vile alivyonunua kwa ajili ya safari ya kwao, na Silasi akarudi pekupeku huku watu wakimchungulia milangoni. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kesho yake akarudi tena. Alikosea, akachekwa, akasema upya, na siku moja akajikuta naye anacheka.

Siku ya mtihani aliomba viatu vyake. "Mpaka ushinde," Twalibu akasema.

Mtahini, mzungu, alimtazama miguu, akacheka. Zamani Silasi angekufa kwa aibu. Sasa alisikia kicheko cha Kanyenye tu, akaanza kueleza kwa Kiingereza, polepole, akijikwaa na kuinuka: viatu viko kwa mtani, mtani ni mtu wa namna gani, babu yake alipita njia gani hata utani huo ukazaliwa. Mzungu aliweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata Silasi alisimama chumbani mwa Twalibu. "Nimeshinda. Nipe viatu vyangu."

"Viko mvunguni. Mimi si boi wako."

Silasi alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akainama, akaingiza kichwa chini ya kitanda. Aliviona. Vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa, na kando yake kofia na mkanda. Alikaa palepale chini, akavikumbatia, machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza mtani wake hakumcheka.

"Vaa," Twalibu alisema taratibu. "Treni ya Urambo haitakusubiri."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.