Zimwi Lililobembelezwa

Sogeeni, wenye masikio. Mie nina mdomo tu, nao wa kuazima.

Mize alikuwa kigori wa miaka kumi na mitano. Siku moja kisimani zimwi likamkalia kifuani. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, akajua anakufa. Watu wa kwao wakafukiza ubani, wakaliuliza zimwi, "Bwana mkubwa, wataka nini?"

"Halua."

Likapewa, likaondoka, likarudi limenenepa.

"Wataka nini, bwana?"

"Mbuzi."

Likapewa, likaondoka, likarudi lapita mlangoni kwa ubavu.

"Wataka nini tena, bwana?"

"Mize mwenyewe. Asitoke nje maisha."

Baba mtu akakuna ndevu. "Hilo si gumu. Hata kisimani haendi siku hizi."

Mize pumzi hakuwa nayo, hasira ikampa. "Zimwi mwaliita bwana, mimi mwaniambia tulia. Nitulie vipi nimekaliwa? Mbuzi mzima ameliwa, na hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini."

Shangazi yake akaweka chini chetezo cha ubani. "Wataka nini, mwanangu?"

"Nishike mkono. Usiseme kitu. Kaa mpaka lipite."

Shangazi akakaa. Wakapumua pamoja, taratibu, kama wanaopoza uji. Zimwi likangoja kuulizwa. Likakohoa, hakuna aliyegeuka. Likapungua likawa kama mbuzi, likawa kama paka, likatoka bila kuaga.

Hurudi bado, siku moja moja, na Mize hukasirika kila mara. Lakini kisimani huenda.

Ngano imefika. Anayebisha akalishe zimwi lake mwenyewe.