Mawimbi ya Fundi Faki

Palikuwa na Sultani asiyependa kuona chochote kikishuka mbele yake. Kahawa ikimiminwa, aligeuza uso. Jua likikaribia kuchwa, madirisha ya kasri yalifungwa. Watu wakazoea. Anayeipenda shingo yake huzoea mengi.

Mjini humo aliishi Faki, mchonga milango, maskini wa kutupwa. Tangu azaliwe hakuwahi kuchonga mstari ulionyooka, maana mkono wake ulitetemeka. Basi akashika nakshi moja tu, ile iitwayo mawimbi: mstari unaopanda ukashuka, ukapanda ukashuka, mpaka ubao uishe. Mafundi huichonga kwenye miimo ya milango, na washona kofia huizungusha pindoni. Faki aliichonga kila mahali, kwa kuwa hakujua nyingine. Watu wakamsifu.

"Mimi natetemeka," akawaambia, "nyinyi mwaita ufundi. Endeleeni hivyo hivyo."

Huyo ni babu wa babu yangu, na mkono wake nimeurithi. Itazameni kanzu hii niliyojishonea mwenyewe, kisha mnyamaze.

Siku moja Sultani alitaka mlango mpya, kwani masultani wenziwe walikuwa njiani kuja kumtembelea. Faki akaagizwa, akapeleka ubao wa juu ya mlango, mawimbi matupu. Sultani akaupitishia kidole, akakunja uso.

"Hapa wimbi linapanda. Vizuri. Na hapa?"

"Hapa linashuka, Maulana."

"Juu ya mlango wangu?"

"Wimbi likishapanda hushuka, Maulana."

"La kwangu halishuki! Nichongee mawimbi yanayopanda tu. Vilele vitupu, bonde hata moja nisilione. Kesho asubuhi usipoleta, mkono huo nitaukata."

Faki akarudi nyumbani, akasimulia yote. Mkewe, Mwanakheri, alipoyasikia akaangua kilio.

"Usilie, mke wangu. Mkono wenyewe ulikuwa mbovu."

"Wa kuchonga, ndiyo, mbovu. Lakini wali utaula kwa mkono gani? Nikulishe mimi, na ulaji wako ule?"

Faki akacheka. Akachukua patasi, akaingia kibandani.

Asubuhi akamwekea Sultani ubao mpya miguuni. Sultani akautazama, akamtazama Faki, akautazama tena.

"Huu ni mstari ulionyooka!"

"Wa kwanza maishani mwangu, Maulana. Hofu yako imeninyoosha."

"Nilitaka mawimbi!"

"Ndiyo hayo. Vilele vitupu, kimoja ubavuni mwa kingine."

"Mbona sivioni?"

"Hata mimi nilishangaa. Nilipoyafuta mabonde, na vilele navyo vikapotea."

Barazani mtu akakohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Basi yarudishe mabonde, mpumbavu wewe!"

"Lakini Maulana alisema la kwake halishuki."

"Mimi sishuki! Vilele ndio mimi. Mabonde ni nyinyi, na wewe wa kwanza!"

"Hapo umesema kweli," Faki akainama. "Bondeni nimezaliwa, bondeni nimeoa, na mke wangu hunikumbusha kila tukikaa kula. Kumbe vilele vyako vilisimama kwa sababu yetu, nami siku zote nilidhani ni mkono wangu tu unatetemeka."

Kikohozi kikaenea baraza nzima. Sultani akawiva uso.

"Unanichezea! Askari, kata mkono wake!"

Askari akachomoa upanga. Faki akaulaza mkono juu ya ubao ule ulionyooka, na mkono ukatetemeka kama kawaida yake.

"Kata, Maulana. Lakini bonde ukishalikata mkono, wewe kilele nani atakuinua?"