Dunia Alipoutafuta Mgongo wa Jua

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliokula mihogo mikavu. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo kale palikuwa na nini?

— Tuambie wewe, sisi hatukuwapo!

Wala mimi sikuwapo. Aliyekuwapo hakusema, aliyesema hakuwapo, na leo ninayesema ni mimi. Mikono iwe kwenye mchele, tena uchambueni vizuri, wageni wa harusi wasije wakavunjika meno kesho. Masikio nipeni mimi.

Hapo zamani za kale, kale isiyokuwa na jana wala juzi, hapakuwa na ardhi. Hapakuwa na bahari. Hapakuwa na kitu cha kutazama wala mtu wa kukitazama. Palikuwa na vumbi. Vumbi mbele, vumbi nyuma, vumbi kotekote, na lote lilizunguka polepole kama vumbi la uwanjani linapochezewa na upepo. Katikati likajikusanya. Likabanana, likapata joto, likazidi kupata joto, mwisho likawaka. Huyo aliyewaka ndiye Mwinyi Jua.

Mwinyi Jua alikuwa mkubwa kuliko wote, mzuri kuliko wote, na mwenye njaa kuliko wote. Hilo la njaa mwenyewe hakulijua. Alijiona mkarimu tu. Kila alichokiona alikiita kije karibu naye. Na ninyi mnajua, mkubwa akiita, mdogo huitika abee akaenda. Basi vijiwe vilivyokuwa jirani naye vikaitika, vikaenda moja kwa moja, na habari yao ikaishia hapo. Mwinyi Jua akashangaa kidogo wageni wamekwenda wapi, kisha akaita wengine.

Mbali kidogo, si mbali sana, palikuwa na punje moja ya vumbi. Ikagongana na nyingine, zikashikana. Ikaja ya tatu, nayo ikashika. Haba na haba hujaza kibaba. Vumbi likawa kokoto, kokoto likawa jiwe, jiwe likawa jabali. Na jabali likikua huvuta vidogo vilivyo karibu, na likivivuta huzidi kukua. Hivyo ndivyo alivyopatikana Dunia. Alijiokota mwenyewe kutoka kwenye makombo ya karamu ya Jua, taka ambazo hakuna aliyezitaka. Mimi nikifika hapa huona fahari. Mtu akikwambia kwamba wewe ni vumbi tu, mwambie hata Dunia ni vumbi, na tazama alivyo.

Siku aliyokuwa mkubwa wa kuonekana, Mwinyi Jua akamwona.

"Binti," akaita, "njoo karibu."

"Abee, Mwinyi," Dunia akaitika.

Aliitika vizuri, lakini hakwenda. Alikuwa amewaona walioitwa kabla yake. Akienda, ataliwa. Akikataa, atakuwa hana adabu, na asiye na adabu hana wa kumwita tena. Atapotelea nje kule, kwenye giza na baridi ya kugandisha mate mdomoni. Mbele moto, nyuma barafu. Zuwena, ungekuwa wewe ungefanyaje?

— Ningejificha.

Ungejificha wapi, nyumba hakuna, mlango hakuna, hata kichaka hakuna? Dunia hakujificha. Aliikumbuka adabu. Nani asiyejua kwamba mtoto aliyelelewa hakatizi mbele ya wakubwa waliokaa? Huinama kidogo, akazunguka, akapita nyuma yao. Msiniulize Dunia alifundishwa na nani adabu hiyo wakati hakuna aliyemzaa. Wengine huzaliwa nayo, na wengine humu ndani wamefundishwa tangu utotoni na bado wanapita katikati ya mkeka wangu.

Dunia akasema, "Mwinyi, nakuja. Ila siwezi kukujia usoni, mkubwa kama wewe. Nitazunguka nipitie mgongoni kwako."

Mwinyi Jua akafurahi mno. Akazisimulia nyota za mbali kwamba leo amepata mtoto mwenye malezi. Akampa ruhusa azunguke.

Dunia akashika njia. Akaenda, akaenda, akaenda. Alipodhani amefika mgongoni, akakuta uso. Akaenda tena, uso. Akaenda tena, uso. Kwa maana Jua, ndugu zangu, hana mgongo. Yeye ni uso pande zote. Dunia alipomaliza mzunguko wa kwanza alikuwa amekwisha kulijua hilo. Akafyata ulimi, akaanza wa pili. Mzunguko mmoja namna hiyo ndio sisi tunaouita mwaka.

Sasa, katika njia ileile alikuwapo binamu yake, jina lake Kishindo. Naye alikuwa amejiokota kutoka kwenye vumbi hilohilo. Alikuwa mdogo kwa Dunia, na mwenye haraka. Dunia alimpenda, maana katika upweke ule hakuwa na ndugu mwingine wa karibu. Akamwambia, binamu, njia ni nyembamba, tufuatane. Kishindo akacheka. Akamwambia tena, binamu, punguza mwendo. Akacheka. Akamwambia mara ya tatu, basi ukitaka kupita, piga hodi nikupishe. Kishindo akajibu kwamba hodi ni ya watu wenye milango, na hapa hakuna milango.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kishindo akaja kasi, hodi hakupiga, akamparamia Dunia ubavuni.

Wote wawili wakayeyuka. Dunia, mwili mzima, akawa uji mwekundu unaochemka. Sehemu kubwa ya Kishindo ikaingia ndani yake isitoke tena. Sehemu nyingine, pamoja na vipande vya Dunia mwenyewe, ikarushwa juu. Na humo ndani ya uji kila kitu kikachanganyika, na ugomvi ukaanza. Chuma anataka kukaa juu, mawe wanataka kukaa juu, Bi Maji na Bi Upepo nao wanataka juu, penye mwanga. Wanasukumana huku mwenye nyumba anaungua.

Dunia alikuwa na maumivu, lakini alisema neno moja, nami nawapa kama lilivyosemwa: "Kila nyumba ina vyumba. Mzito aende ndani, mwepesi akae nje, na asiye na uzito apande juu."

Mzee Chuma akanung'unika, akazama. Akazama mpaka chumba cha ndani kabisa, kwenye joto lisilo na mfano. Katikati akakazana, akawa mgumu. Pembezoni akabaki wa majimaji, anazungukazunguka kwa hasira zake. Na huko kuzunguka kwake kukafuma pazia lisiloonekana, linalomkinga Dunia na cheche za Mwinyi Jua. Ndilo hilo linalogeuza sindano ya dira ikaelekea kaskazini. Mzee aliyenuna chumbani ndiye anayemlinda kila aliye nje, na mimi namheshimu kwa hilo.

Mawe mazito wakachukua ukumbi, wakaujaza wote. Mpaka leo wanajisogeza polepole, kama uji mzito unaotaka kuchemka. Mawe mepesi wakapata baraza, nyembamba, ya nje kabisa, wakagandana mapande mapande. Hao hawajaacha kusukumana. Wakibanana, milima huinuka. Mmoja akimpiga mwenzake kikumbo, sisi hutoka nje mbio tukasema ni tetemeko. Bi Maji alikuwa mvuke mtupu. Akapoa, akanyesha, akanyesha, akanyesha, mabonde yote ya uwanjani yakajaa. Bi Upepo akapanda juu ya wote akawa paa.

Hebu itazameni akili hiyo. Alivunjwa, akayeyushwa, akatoka humo na nyumba.

Na vile vipande vilivyorushwa juu? Navyo vikaanza kujiokota, punje kwa punje. Dunia alipoona vinakusanyika alilia, kwa kuwa alimwona Kishindo humo na akajiona na yeye mwenyewe. Akasema huyu ndiye niliyeachiwa na binamu yangu, nitamlea. Akamwita Mwezi. Sasa Mwezi yeye mgongo anao. Lakini hajawahi kumpa mama yake mgongo huo. Anamzunguka huku amemkazia macho, uso uleule, na uso mnaouona ninyi ndio aliouona bibi yangu. Mtoto huyo hata mimi ningemtaka.

Tangu kugongwa kule Dunia alibaki ameinama upande, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja, tena alibaki anajizungusha. Mwinyi Jua akamwita mara ya pili, na safari hii kwa ukali. Akamuuliza mbona anachelewa, na mbona anakuja upande upande kama mlevi.

Dunia akasema, "Kawia ufike, Mwinyi. Kuinama ni heshima. Na kujizungusha, ni kwa sababu uso wako una joto. Nikikupa shavu moja tu, hilo litaungua na la pili litaganda."

Mwinyi Jua akaona maneno yana maana, akatulia. Kujizungusha huko ndiko kunakotupa mchana na usiku. Na kuinama ndiko kunakotupa majira. Akiwa upande mmoja wa njia kichwa chake humwelekea Jua, watu wa kaskazini wakatokwa jasho. Akifika upande wa pili, kichwa huwa kimemwepuka, na wa kusini nao wakapata kiangazi chao. Hakuna anayenyimwa.

Miaka ikapita, mingi, msijaribu kuihesabu mtaharibu mchele. Ndipo Mwinyi Jua akaita mara ya tatu. Hakuita kwa upole wala kwa ukali. Aliita kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Dunia. Simama."

Dunia hakusimama, maana kusimama ndiko kufa. Wito wa Jua ulimvuta usiku na mchana, na kilichomwokoa ni kule kupita pembeni kila anapovutwa. Alipunguza sauti, mwendo hakupunguza.

"Abee, Mwinyi."

"Sina mgongo," Jua akasema. "Nimejitafuta, sina. Na wewe ulijua."

"Nilijua tangu mzunguko wa kwanza."

"Kwa hiyo hukuwa unakuja."

Hapa Dunia angeweza kudanganya tena, ulimi alikuwa nao. Lakini alimwona Mwezi ubavuni pake. Na kule kwa Bi Maji, mabondeni, kulikuwa kumeanza kuota kitu cha kijani, kidogo, kisichojua lolote. Akiliwa yeye, kitaliwa nacho. Akaona heri aseme kweli.

"Nilikuwa nakuja, na bado nakuja," akasema. "Ninachoogopa ni kufika. Wale uliowaita kabla yangu walifika, Mwinyi. Nionyeshe hata mmoja."

Mwinyi Jua akatazama pande zote, kama ilivyo kawaida yake. Hakumwona mmoja. Akatazama ndani yake, kulikokuwa kukiwaka, akaelewa wageni wake wote walikuwa wamekwenda wapi. Mkubwa yule, mzuri yule, aliona aibu. Tena iliyomuuma zaidi ya aibu ni huzuni, maana kumbe hakuwa mkarimu hata siku moja, alikuwa na njaa.

 Kisha akasema, "Siku zote nimeita wageni, na sijapata kukaa na mgeni."

"Mimi hujanikosa hata siku moja," Dunia akamwambia. "Umeniona nikigongwa, umeniona nikilea. Kwa sababu sijafika."

"Basi niache kukuita?"

"Usiache. Ukiacha nitapotelea gizani, mimi na mwanangu na hiki kilichoanza kuota. Niite, Mwinyi, nami nitaitika. Ila niache nizunguke."

Mwinyi Jua akamwambia, "Zunguka. Lakini usisimame hata kidogo. Ukisimama nitakumeza, nami sitaweza kujizuia."

Wakaahidiana hivyo. Na tangu siku hiyo Jua anamwangaza Dunia akijua anamwangaza nani, si kama zamani. Kile cha kijani kikakua kikawa majani, majani yakapata wa kuyala, na baadaye sana, mkia wa msafara, tukaja sisi.

Sasa ninyi mmekaa mkekani mnadhani mmetulia. Hakuna aliyetulia humu. Hivi sasa tunakwenda, kwa kasi ambayo farasi hajaiota, na chai haimwagiki kikombeni. Jua anaita kwa nguvu zake zote, na huyu tuliyemkalia anaitika kwa nguvu zake zote na kupita pembeni, tangu kabla ya kale, pasipo kupumzika hata siku ya sikukuu. Akichoka yeye kidogo tu, hatupo. Hachoki. Mimi sijui mama mwingine wa namna hiyo.

Iliyo njema chukueni mgawane, iliyo mbovu niachieni mwenyewe. Hadithi yangu imefika. Dunia bado anakuja.